Hesabu Iliyopigwa Marufuku

Kuna ujumbe mmoja wa hitilafu kwenye Windows ambao mtu akiusoma mara ya kwanza hudhani umepotea njia. Hausemi faili halipo, wala diski imejaa, wala mtandao umekatika. Unasema tu kwamba programu imetumia kriptografia isiyokuwa miongoni mwa zile zilizothibitishwa kwa kiwango cha FIPS. Karani wa serikali aliyetaka kuchapisha ripoti ya mafuta ya magari ya ofisi anausoma, hauelewi, anaupiga picha na kuwatumia waliomuuzia programu. Kwenye kampuni yetu, picha hizo zote ziliishia mezani kwangu.

Wakati huo nilikuwa Maryland, Marekani, mzaliwa wa Tanga niliyeangukia kazi ya matengenezo: kusoma programu zilizoandikwa na watu waliokwisha kuhama na kuzifanya ziendelee kuishi. Kampuni ilikuwa ndogo na wateja wake walikuwa ofisi za serikali kuu. Mji wa Gaithersburg, yalipo makao ya NIST, taasisi ya viwango na teknolojia inayotunga hizo FIPS, haukuwa mbali nasi. Yaani kanuni iliyokuwa ikivunja ripoti zetu ilitungwa pembeni mwa barabara niliyopita Jumamosi kwenda kutafuta unga wa sembe.

FIPS, yaani viwango vya serikali kuu ya Marekani vya uchakataji wa taarifa, ziko nyingi. Inayohusu moduli za kriptografia ni namba 140. Toleo lililotutesa sisi, 140-2, lilitolewa mwaka 2001. Lililofuata, 140-3, liliidhinishwa mwaka 2019. Tangu 1995 NIST na wenzao wa Kanada wanaendesha mpango wa uthibitisho: mtengenezaji anapeleka moduli yake kwenye maabara iliyoidhinishwa, inapimwa, inapewa cheti chenye namba. Zamani mkuu wa ofisi ya serikali ya Marekani aliweza kutoa msamaha kikatumika kitu kisicho na cheti. Sheria ya mwaka 2002 ya usalama wa taarifa za serikali kuu ikaufuta msamaha huo. Mwaka 2007 serikali ikaagiza mpangilio mmoja wa usalama kwa kompyuta zake za Windows, na ndani ya mpangilio huo mlikuwa na swichi ndogo ya FIPS. Ikiwashwa, programu zilizoandikwa kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, zilianza kuanguka moja baada ya nyingine, hata zile zisizokuwa na siri yoyote ya kuficha.

Wengi hukwama kwenye jambo moja: cheti hakipewi algorithimu peke yake. Kinapewa moduli, yaani programu fulani, toleo fulani, iliyopitia maabara. Nikiwaeleza vijana wa kazi huwatajia mizani ya sokoni. Mizani ya muuza nyama inaweza kupima sawasawa hadi gramu ya mwisho, lakini kama haina stika ya Wakala wa Vipimo, mkaguzi akipita anaikamata. Haulizwi mtu kama kilo ni kilo. Linaloulizwa ni kama mizani ile iliwahi kupelekwa ikapimwa.

Nililiona hili kwa macho, si kwa kusoma. Kwenye maktaba ya .NET ya wakati ule nilichukua madarasa mawili ya kupiga heshi ya SHA-256, yaani kuigeuza data yoyote kuwa alama fupi ya urefu usiobadilika. Moja, SHA256Managed, liliandikwa lote ndani ya .NET yenyewe. La pili, SHA256CryptoServiceProvider, liliipelekea kazi moduli ya Windows yenye cheti. Nikaandika kiprogramu cha mistari michache, nikayapa yote mawili neno moja, Tanga. Yakatoa herufi na tarakimu 64, zilezile, kwa mpangilio uleule. Nikaingia kwenye sera za usalama za mashine, nikawasha swichi, nikaendesha tena. Darasa la pili likatoa jibu lake kama kawaida. La kwanza halikufika hata kwenye neno. Lilianguka pale pale lilipoumbwa. SHA-256 ni algorithimu iliyoidhinishwa na NIST wenyewe, na jibu lilikuwa sahihi. Kosa la darasa lile lilikuwa kutokuwa na stika.

Mkanganyiko ulikuwa mkubwa zaidi kwenye kurasa za ASP.NET 2.0. Humo, data ya ukurasa iliyosafiri kati ya kivinjari na seva ilisimbwa kwa AES, algorithimu ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, iliyofanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Lakini darasa lililotumika, RijndaelManaged, halikuwa na cheti, hivyo swichi ikiwashwa ukurasa mzima ulikataa kufunguka. Dawa iliyotolewa rasmi ilikuwa kuongeza mstari kwenye faili la mipangilio na kurudi kwenye 3DES, mtoto wa DES ya mwaka 1977. Fikiria: ili utii kanuni ya usalama unaacha usimbaji mpya ulio imara zaidi na kushika wa zamani, kwa kuwa wa zamani ndio wenye karatasi. Na hizo karatasi huisha muda. NIST wakaja kuzuia 3DES isitumike kusimba data mpya baada ya mwaka 2023. Kama kuna ofisi iliyouacha mstari ule kwenye faili lake miaka yote hiyo, iliamka siku moja ikiwa nje ya kanuni kwa sababu ya dawa ileile iliyoiingiza ndani.

Turudi kwenye ripoti ya mafuta. Nilifuata mnyororo wa hitilafu hadi chini, nikaikuta MD5. Aliyeandika programu alikuwa akichora grafu, anaihifadhi kama picha ili isichorwe upya kila mara, na picha anaipa jina kwa kuchukua tarehe, namba ya gari na idara, kuviunganisha, na kuvipigia heshi ya MD5. Hapakuwa na siri. Hapakuwa na nenosiri, wala sahihi, wala fedha. Ilikuwa njia ya kupata jina fupi lisilogongana na jingine, na kwa kazi hiyo MD5 ilifaa kabisa.

Marufuku ya MD5 yenyewe si ya bure, niseme ukweli. MD5 ilibuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991. Mwaka 2004 mtafiti wa China, Xiaoyun Wang, na wenzake walionyesha kwamba unaweza kutengeneza nyaraka mbili tofauti zenye heshi moja. Mwaka 2012 programu hasidi iliyoitwa Flame ikagunduliwa ikiwa imetumia udhaifu wa aina hiyo kughushi cheti na kujifanya imetoka Microsoft. Mtu anayetegemea MD5 kuthibitisha sahihi leo anastahili kuzuiwa. Tatizo ni kwamba swichi haioni tofauti kati ya sahihi na jina la picha. Inaona jina la algorithimu, inafunga mlango.

Njia za mkato zilikuwepo, na ukiuliza mafundi wengi hizo ndizo utakazopewa kwanza. Unaweza kwenda kwenye rejista ya Windows ukazima swichi kwa mashine nzima. Au, kwa adabu kidogo, unaweka kwenye faili la mipangilio ya programu kipengele kinachoitwa enforceFIPSPolicy na kukiandikia hapana. Mashine inabaki na swichi yake imewashwa, programu yako peke yake inaachiwa ipite. Mkuu wangu wa kazi aliipenda hii ya pili. Nikampigia msimamizi wa mifumo wa ofisi ya mteja, mama mmoja mtu mzima, mpole wa sauti, aliyekuwa akiniita bwana kila sentensi. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Bwana,” akasema, “nikikubali mstari huo, karatasi ya ukaguzi inayosema mashine hii inafuata FIPS nitaisaini mimi au utaisaini wewe?”

Sikuwa na jibu, na hakunisubiri nilipate. Akaniambia anataka orodha: kila mahali ambapo programu yetu inagusa kriptografia, inatumia nini, na kwa kazi gani. Hicho kipande cha mwisho, kwa kazi gani, ndicho kilichoipa ile kazi nzima sura nyingine. Hadi pale tulikuwa tukitafuta jinsi ya kuinyamazisha hitilafu. Yeye alitaka tujue kwa nini hesabu ile ipo.

Tukatafuta. Programu ilikuwa kubwa, yenye tabaka za miaka na waandishi wengi, na heshi zilikuwa zimezagaa kila mahali. Nyingi zilikuwa za aina ya ripoti ya mafuta: majina ya mafaili, funguo za kumbukumbu ya muda, kulinganisha kama rekodi imebadilika. Hizo tulizihamishia SHA-256 ya moduli yenye cheti. Kazi nyepesi, ila ina mtego wake. Heshi ya MD5 ikiandikwa ni herufi 32, na hifadhidata ilikuwa imetenga safu ya herufi 32 kamili. SHA-256 ni 64. Anayebadilisha mstari wa programu bila kutanua safu atakuwa ameiondoa hitilafu ya FIPS na kuzaa hitilafu ya hifadhidata, na ya pili itatokea kwa mtumiaji mwingine kabisa, siku nyingine, bila neno FIPS popote. Tulitanua safu kwanza, ndipo tukagusa programu.

Nyingine zilihusu mifumo ya watu wengine: ofisi moja iliyopokea mafaili kutoka kwetu ilikuwa ikiyakagua kwa MD5, na hatukuweza kubadilisha upande mmoja tu. Barua, mikutano, barua tena.

Halafu tukalikuta jedwali la watumiaji. Moduli moja ya zamani, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba bado inatumika, ilikuwa imehifadhi manenosiri kwa MD5 tupu, bila chumvi, yaani bila ile data ya nasibu inayoongezwa ili watu wawili wenye nenosiri moja wasipate heshi moja. Ukipanga safu ile kwa alfabeti uliwaona wenye nenosiri moja wamekaa pamoja kama ndugu. Hapo marufuku ilikuwa na haki yote. Na kuliondoa tatizo kulikuwa kugumu kuliko kule kwingine, kwa sababu heshi hairudi nyuma. Huwezi kuichukua MD5 na kuigeuza kitu kingine, kwa kuwa nenosiri asili huna mkononi. Njia ya kawaida ni kumsubiri mtumiaji aingie, unamhakiki kwa heshi ya zamani, kisha papo hapo unahifadhi mpya. Lakini kumhakiki kwa heshi ya zamani ni kupiga MD5, na MD5 imefungiwa. Kanuni iliyotulazimisha kuhama ilikuwa imeng'oa daraja la kuhamia. Tukaamua kufuta yote na kuwataka watumiaji wote waweke manenosiri mapya, yakihifadhiwa kwa PBKDF2, njia ambayo NIST waliitolea mwongozo mwaka 2010. Simu za malalamiko zilikuwa nyingi mno, na sikumlaumu hata mmoja.

Rafiki yangu wa utotoni anafanya kazi ya mifumo kwenye benki moja Dar es Salaam. Nilipomlalamikia kwa simu habari za kanuni za Wamarekani, alicheka. “Kaka, hiyo FIPS unayoisema ninayo chumbani kwangu hapa, imeandikwa kwenye boksi.” Alimaanisha kifaa kinachotunza funguo zinazolinda namba za siri za kadi. Masharti ya usalama ya kampuni za kadi za kimataifa yanataka vifaa hivyo viwe na uthibitisho, na FIPS 140-2 ngazi ya tatu ni mmojawapo unaokubalika. Ngazi ziko nne. Kwenye hiyo ya tatu, mtu akijaribu kulifungua boksi kwa nguvu, boksi linafuta funguo zake lenyewe. Kwa hiyo kanuni ya ofisi za serikali ya Marekani ilikuwa imesafiri hadi Dar es Salaam bila bunge lolote kuijadili, kwa njia ya manunuzi tu. Kwake yeye haikuwa kero. Kifaa chake kina kazi moja na kila mtu anajua ni kazi gani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoichukulia FIPS kama upuuzi wa makarani, na pia na wanaoichukulia kama ngao. Cheti kinakwambia moduli ilipimwa kwa kipimo fulani. Hakikwambii kipimo chenyewe hakina kasoro. Mwaka 2006 NIST waliingiza kwenye orodha yao njia ya kuzalisha namba nasibu iitwayo Dual EC DRBG. Mwaka uliofuata watafiti wawili wa Microsoft, Dan Shumow na Niels Ferguson, walionyesha kwamba ingeweza kuwa na mlango wa nyuma kwa yeyote aliyechagua namba zake za msingi. Ilibaki kwenye orodha. Ikabidi nyaraka alizovujisha Edward Snowden zitoke mwaka 2013 ndipo NIST waseme isitumike, kisha wakaiondoa. Miaka yote hiyo, aliyeitumia alikuwa ndani ya kanuni kikamilifu.

Kuna jingine linalowaumiza mafundi: moduli yenye cheti ikigundulika ina tundu, kuliziba ni kuibadilisha, na moduli iliyobadilishwa siyo ile iliyopimwa. Unabaki unachagua kati ya toleo lenye karatasi na toleo lililozibwa tundu. Mwaka 2014 Microsoft wenyewe walitangaza kwamba hawapendekezi tena swichi ile kwa mtu asiyelazimishwa na sheria. Baadaye, kwenye .NET Framework 4.8, madarasa yale ya zamani yaliachishwa kuanguka. Sasa yanaielekeza kazi kimya kimya kwenye moduli ya Windows. Nilipolisoma hilo niliwaza saa nilizopoteza nikibadilisha majina ya madarasa, nikaenda kunywa chai.

Nilipohamia kwenye seva za Linux nilidhani nimeiacha hadithi hii. Huko swichi inakaa kwenye kiini cha mfumo. Unasoma faili dogo lenye tarakimu moja, ikiwa 1, basi imewashwa. Dalili zake ni za kijanja zaidi. OpenSSL, maktaba ya kriptografia, kwenye matoleo yake ya zamani ilikuwa na heshima ya kukwambia kwamba heshi uliyoomba imezimwa kwa ajili ya FIPS. Toleo la 3 linasema tu kwamba haiungwi mkono. Fundi mgeni atatumia siku nzima kusakinisha upya maktaba ambayo haina ubaya wowote. PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, ikiendeshwa kwenye seva kama hizo hukataa kupiga MD5 katikati ya hoja. Mtu mwenye ufunguo wa SSH wa aina ya Ed25519, ambao kila mwongozo unausifu, anaukuta umekataliwa. Aina hiyo iliingia kwenye kiwango cha NIST Februari 2023 tu. Na Keycloak, programu huria ya kusimamia kuingia kwenye mifumo, ikiwekwa kwenye hali kali ya FIPS inataka manenosiri yasiyopungua herufi 14, kwa kuwa maktaba iliyo chini yake haikubali kitu cha chini ya biti 112. Hilo mara nyingi halionekani kwa wateja. Linaonekana kwenye majaribio, ambako kila mtu wa kubuni ana nenosiri la herufi nane.

Python walifanya jambo ninalolipenda. Kuanzia toleo la 3.9 la mwaka 2020, unapoita MD5 unaweza kuandika pembeni yake kwamba hapa haitumiki kwa usalama. Mfumo ukisoma hivyo, unakuruhusu. Hatimaye palipatikana mahali pa kujibu lile swali la yule mama, kwa kazi gani, ndani ya mstari wenyewe wa programu, mbele ya macho ya atakayekuja kuusoma. Lakini jibu hilo halihakikiwi na mtu. Python inakuamini. Kwenye kazi moja ya ukaguzi, kwa kampuni nisiyoitaja, nilikuta tamko hilo limewekwa kila mahali kwa mkupuo mmoja wa kutafuta na kubadilisha, likiwemo kwenye mistari iliyotengeneza viungo vya kurejesha nenosiri lililosahaulika. Programu ilikuwa haianguki tena. Ilikuwa inasema uongo kwa sauti ya kawaida. Afadhali ingeanguka.

Ndiyo maana siku hizi sikubali mabadiliko yenye tamko hilo bila sentensi moja ya maelezo juu yake: heshi hii ni ya jina la faili, hii ni ya kumbukumbu ya muda, hii inalinganishwa na mfumo wa fulani ambao bado haujahama. Wenzangu vijana hunung'unika kwamba ni urasimu. Huwa nawaonyesha orodha tuliyomwandikia yule msimamizi, ambayo bado iko hai, imehamishwa kutoka lahajedwali moja hadi jingine na kurekebishwa kila programu inapobadilika. NIST wameshatangaza kwamba SHA-1 itaondolewa mwisho wa 2030, na Agosti 2024 walitoa viwango vitatu vipya, FIPS 203, 204 na 205, kwa ajili ya siku ambayo kompyuta za kwanta zitaweza kuvunja usimbaji wa sasa. Barua za wateja kuuliza tutakuwa tayari lini zimeanza kuingia. Safu ya SHA-1 kwenye orodha ina mistari michache, mingi yake ni majina ya mafaili. Mmoja ni sahihi ya hati za malipo, na huo ndio tulioanza nao.